Mikono Miwili ya Kushoto

Sifa mwanangu,

Salamu nimeziweka pembeni kwanza. Nikianza na salamu nitajifanya mtu mpole, na leo mimi si mpole. Nina hasira tangu jana. Nimeamka nayo, nimeshuka nayo hadi karakana, na sasa nimekaa nayo hapa Jeppestown mbele ya cherehani, milango yote ya jirani imefungwa kwa kuwa ni Jumapili. Wewe uko kanisani unaagwa. Wanakwaya wanakuimbia, mchungaji anakuombea safari ya kesho ya Ujerumani, na watu wanauliza mama yake yuko wapi. Waambie mama yako anashona.

Sitakwambia uvae soksi nzito. Sitakwambia upige simu ukifika, wala usile nini, wala pasi yako ya kusafiria uiweke wapi. Hayo unayajua, na usiyoyajua shangazi ya mchumba wako Konrad atakufundisha, maana yule mama anapenda sana kufundisha. Ninachotaka kukwambia ni kwa nini jana nilikata mikono miwili ya kushoto.

Kazi hii unaijua. Umekulia chini ya meza yangu ya kukatia, ukiokota vipande. Unajua kwamba lesi ina uso na ina mgongo. Ukishakata mkono mmoja wa gauni, unaigeuza karatasi ya kipimo kabla ya kukata wa pili, la sivyo unapata mikono miwili ya upande mmoja. Mwanafunzi wa mwezi wa kwanza hufanya kosa hilo, analia, namcheka, tunaendelea. Mimi nimelifanya jana, uzee huu, kwenye gauni lako la harusi, kwenye lesi iliyokuwa ya mwisho katika duka lile la Marshalltown. Nilivilaza vile vipande juu ya meza na vyote viwili vikawa vinatazama upande mmoja. Nikacheka peke yangu. Halafu nikatukana, tusi la kwetu ambalo hujawahi kulisikia kinywani mwangu.

Nilikata vibaya kwa sababu ulikuwa umetoka tu mlangoni. Ulikuja umeshika simu, Konrad akiwa upande wa pili, ukaniambia ukoo wao unakutana wiki hii na kwamba bado kuna nafasi ya kubadili uamuzi wao juu ya ndoa yenu. Mjomba wako kule milimani aandike tu kwamba wewe ni mjukuu wa mwami, wa mfalme, kwamba bibi yako alikuwa mke wa halali aliyetolewa mahari mbele ya watu, agonge muhuri wake, na mambo yote yatanyooka. Hutaolewa tena kwa mkono wa kushoto. Nikasema hapana.

"Mama, ni papier tu!" ukasema. "Unaniharibia maisha juu ya papier?"

Nikasema hapana mara ya pili. Ukaondoka, ukaenda kulala kwa rafiki yako, na mimi nikashika mkasi. Usishike mkasi ukiwa na hasira. Hilo ndilo somo pekee la ushonaji utakalolipata katika barua hii.

Isome polepole, na uisome kwa sauti. Najua Kiswahili unakielewa kwa masikio kuliko kwa macho. Nakuita kwa Kiswahili unaniitikia kwa Kiingereza, na ukikasirika unahamia Kizulu ukidhani sitaelewa. Naelewa vizuri sana. Nimekuandikia Kiswahili cha shuleni, kile tulichofundishwa na masista, ili usiwe na kisingizio.

Nikwambie kwanza kuhusu siku ile Shangazi Hedwig alipokuja kula kwetu Troyeville, kwa sababu nadhani wewe uliiona siku nyingine na mimi niliiona nyingine.

Konrad mwenyewe nilikuwa nimeshamzoea. Nakumbuka alivyoingia karakana mara ya kwanza akifuata kibao changu cha mlangoni, kile kilichoandikwa Princesse Couture, akauliza kwa Kiingereza ni nani huyo binti mfalme, na wewe ukainua kichwa kutoka kwenye vitabu vyako ukasema, "Ni mimi." Ukacheka, naye akacheka, na hapo mimi nikajua nimekwisha. Nilijua pia kwamba ni mtoto wa watu wakubwa. Ulinieleza kwamba zamani Ujerumani haikuwa nchi moja, ilikuwa vinchi vingi vidogo, kila kimoja na mtawala wake, na babu zake Konrad walitawala kimojawapo, bonde moja na milima yake na msitu wake. Leo hawatawali mtu isipokuwa wao kwa wao. Lakini kasri lipo, msitu upo, sheria za ukoo zipo, na Konrad ndiye atakayekalia kiti cha baba yake. Nikasema sawa. Mtu hachagui pa kuzaliwa.

Basi shangazi akaja. Nilipika sombe ya majani ya muhogo, nikakaanga samaki, nikasonga bugali laini. Alikula kwa mkono, akaomba kuongezwa, akasifia pilipili huku machozi yanamtoka. Hilo nalo linaniudhi mpaka leo, kwamba alikuwa mtu mzuri. Angekuwa mkorofi ningemfukuza kabla ya chai. Baada ya chakula akatoa zawadi yake, kile kitabu kizito cha picha, akakifungua juu ya kitambaa cha meza nilichokitarizi mwenyewe. Ndani mlikuwa na wake wote wa watawala wa ule ukoo, mmoja baada ya mwingine, kama walivyotundikwa kwenye ukumbi wa kasri lao. Akawa ananionyesha kwa kidole. Huyu alitoka katika ukoo gani, yule baba yake alitawala wapi, huyu mababu zake wote, wa kuumeni na wa kukeni, walikuwa damu ya watawala watupu. Alikuwa anawataja mababu kwanza na jina la mwanamke mwisho.

Nikamuuliza, "Na Sifa atatundikwa wapi?"

Nilikuwa natania. Akakifunga kitabu polepole. Akaeleza, na Konrad akasaidia kueleza huku masikio yamemwiva, kwamba mtu wa ukoo wao anaweza kumwoa mwanamke asiye wa damu ya watawala, hakuna anayemkataza, ila anamwoa kwa mkono wa kushoto. Kanisani, mbele ya padri wao, bwana harusi hutoa mkono wa kushoto badala ya wa kulia. Mke hapewi jina lile kubwa. Watoto hawarithi kiti wala ukumbi wala msitu. Na picha yake haitundikwi na za wenzake. Sheria ya nchi haiyatambui mambo hayo siku hizi, akasema, ni desturi tu ya nyumbani.

Ukaniwahi kabla sijafungua mdomo. "Eish, Mama, usikasirike. Njo vile wanafanyaka kwao. Haina maneno."

Haina maneno! Mwanangu, kwetu ukimpa mtu hata kijiko kwa mkono wa kushoto anakuuliza amekukosea nini. Asubuhi yake nilimsimulia Mama Zuhura, yule Mtanga wa saluni ya pale kwenye robot, taa za barabarani. Akaacha kichwa cha mteja nusu kimesukwa, akashika kiuno. "Hee, shoga! Kushoto? Mkono huo si wa kutawazia chooni? Mtu anaoa kwa mkono wa kutawazia?" Akacheka hadi akakaa chini. Mimi nilicheka pia, kwa kuwa Mama Zuhura akicheka huwezi kujizuia, lakini nilirudi karakana sijisikii vizuri.

Hata hivyo si hilo lililoniwasha zaidi siku ile mezani. Shangazi aliuliza kwa heshima, watu wa kwetu ni watu gani. Nikajibu mafundi wa nguo. Ukanipiga teke chini ya meza, ukasema, "My mother is a princess. Baba yake alikuwa mwami." Nikamwona yule mama anaweka kikombe cha chai chini. Nikayaona macho yake. Alikuwa ameketi kwangu tangu mchana, amekula jasho langu, amesifia gauni nililovaa, na bado hakuwa ameniona hadi aliposikia neno hilo. Ndipo akaniona. Akaanza kuuliza, mwami ni nini, anatawala wangapi, mama yangu alikuwa mke wa ngapi, kuna mtu anayeweza kuthibitisha? Macho yale siwezi kuyasamehe, Sifa. Nimejaribu.

Kile kitabu alikiacha nyumbani, nimekitazama chote. Wewe ulidhani nakidharau. Nimewatazama wale wanawake kama fundi anavyotazama, sikutazama nyuso, nilitazama mikono ya magauni yao. Uso mchoraji anaweza kuudanganya. Mkono wa gauni ni mgumu kuudanganya, kwa maana umeshonwa na mtu aliyempima yule mwanamke.

Yupo msichana mmoja karibu na mwanzo, Sofia, aliletwa akiwa mdogo kuliko wewe ulivyokuwa unamaliza shule. Shangazi alisimulia kwa fahari kwamba walipomfikisha mpakani walimvua kila alichovaa cha kwao, hadi soksi, wakamvika vya kwao wao, na ndivyo alivyovuka. Katika picha ile mikono ya gauni lake inapwaya. Imekatwa kwa ajili ya mtu mwingine. Huyo alipewa mkono wa kulia, mababu zake wote walikuwa sawasawa, na hawakujisumbua hata kumpima. Mwingine ana mabega yaliyobanwa hivi kwamba hawezi kuinua kikombe. Huyo alizaa kila mwaka mpaka akafa. Nisikilize vizuri. Sikwambii mkono wa kulia ni raha. Wale walichaguliwa kama watu wanavyochagua mbegu ya viazi, kwa kile kitakachotoka.

Yupo mmoja ninayempenda, Amalia. Mumewe alifia vitani mtoto wa kiume akiwa bado ananyonya, naye akaishika nchi hadi mtoto akakua, akafungua maghala watu wakala, akagombana na mashemeji zake wote. Mikono ya gauni lake ni mipana, haina urembo, na ule wa kulia una mkunjo kwenye kiwiko, mkunjo wa mtu anayepandisha nguo ili afanye kazi. Kila nikimtazama nasema, huyu ningemshonea bure.

Na yupo wa mwisho. Shangazi hakunionyesha, nilimpata mwenyewe kwenye kurasa za nyuma, picha ndogo isiyo na rangi. Binti wa mshona glavu. Mtawala alimpenda, akamwoa kwa mkono wa kushoto, akaishi naye miaka mingi kuliko alivyoishi na mke yeyote wa kulia. Watoto wao walipewa jina jingine la kutunga. Alipokufa alizikwa nje ya ukuta wa kanisa lao. Picha yake, kitabu kinasema, inaning'inia kwenye ngazi za kushukia jikoni. Amevaa glavu nzuri kuliko za wanawake wote wa kitabu kile, bila shaka ni kazi ya baba yake. Nilipoona neno jikoni nilikifunga kitabu na sijakifungua tena.

Sasa nikwambie habari ya jikoni. Hii sijawahi kukwambia, na ndiyo sababu ya hapana zangu mbili.

Umekua ukijua kwamba babu yako mzaa mama alikuwa mwami, mfalme wetu kule milimani, na hiyo ni kweli. Nilikuhadithia boma lake, ngoma zake, ng'ombe zake. Sikukuhadithia kwamba bibi yako alikuwa binti wa mfinyanzi, kwamba mwami alimwona akipita na vyungu akampenda, akamchukua bila mahari na bila watu, akamjengea nyumba nyuma ya jiko. Wake waliotoka katika nyumba kubwa walipita lango la mbele. Mama yangu alipita mlango wa jikoni, na mimi nikapita mlango wa jikoni. Baba alinipenda. Alikuwa akija nyuma kule jioni, ananipakata, ananipa mifupa yenye uboho. Kwenye mkeka wa mbele, walipokaa watoto wake wengine, hakunikalisha hata siku moja. Nadhani hakuwahi kuona kwamba kuna kitu cha kuona. Hakuwa mtu mbaya, mwanangu. Ndiyo maana nikisikia watu wanasema Konrad si mtu mbaya, situlii.

Baba alipokufa, wajane walikalishwa upande wa kulia wa nyumba kuu, kwenye majani mapya. Mama yangu alikwenda kukaa. Mke mkubwa akamtazama tu, wala hakupaza sauti, akamwambia wageni wana kiu. Basi mjane mmoja akaondoka kwenye majani kwenda kuwapa watu pombe kwenye msiba wa mume wake. Nilikuwa mtoto, nimeshika sketi yake. Akajaza kibuyu pombe ya ndizi. Akapita wazee wote bila kuwapa, akaenda moja kwa moja kwa kijana aliyekuwa amevikwa ngozi ya utawala asubuhi ile, kaka yangu wa baba mmoja. Akasimama mbele yake, hakupiga goti. Akakihamisha kibuyu kutoka mkono wa kulia kwenda wa kushoto, taratibu, ili kila mtu aone. Akampa mwami mpya kinywaji kwa mkono wa kushoto.

Ngoma zilinyamaza. Nakumbuka kuku mmoja alikuwa anaparua majani na ndiye peke yake aliyesikika. Kaka yangu hakukipokea. Kilianguka, pombe ikamwagika miguuni pake. Mama akageuka, akanishika mkono, akasema, "Nabintu, twende. Tupite mbele." Tukatoka kwa lango kubwa, siku ile moja, na hatukurudi tena.

Yule kaka ndiye unayetaka agonge muhuri. Na wala sina wasiwasi kwamba atakataa. Atagonga mara kumi! Mjukuu wa nyumba yake aolewe katika kasri Ulaya, atachinja ng'ombe. Ataandika kwamba mama yangu alikuwa mwamikazi, kwamba alitolewa mahari, kwamba alikaa kwenye majani. Alipokuwa hai, anafinyanga vyungu Uvira kwa watu wasiomjua, hawakumpa hata salamu. Alipokufa hawakuleta hata mtu wa kushika sepetu. Sasa wampe ufalme kwa sababu Wazungu wanauhitaji? Hapana, Sifa. Hapana ya tatu hiyo hapo. Siwezi kumwingiza mama yangu kwa lango la mbele akiwa maiti ili shangazi Hedwig apate pa kutundika picha.

Nilikosa mimi, na hili niliseme lilivyo. Ulikuwa darasa la kwanza pale Troyeville uliporudi nyumbani umeraruliwa kola, watoto wamekuita kwerekwere, wamekwambia urudi kwenu. Baba yako, Mungu amlaze pema, alikuwa kazini getini anakolinda. Ulikuwa hulii, umekaza meno. Nikatafuta cha kukupa nikakosa, nikakwambia, wewe ni binti wa wafalme, waambie hivyo. Uliinua kidevu, na hujakishusha mpaka leo. Wiki ile ile nikampa mchoraji kazi ya kile kibao, nikajiita Princesse na mimi. Nilikupa lango la mbele nikakuficha jiko. Ningekwambia siku ile habari ya bibi yako na kibuyu, ungekuwa na kitu kizuri zaidi cha kuwajibu. Ndiyo maana ulipopewa mkono wa kushoto ulikwenda haraka kumtafuta mfalme akuokoe. Mimi ndiye niliyekufundisha njia hiyo.

Hasira yangu kwako ni ndogo, basi. Kubwa ni kwa Konrad.

Ndiyo, yule anayekaa sakafuni kwangu anazungusha uzi kwenye vibobini. Yule aliyejifunza kwenye simu kuniambia shikamoo, ingawa kwetu hatusemi shikamoo, na mimi nikaitikia marahaba kwa furaha. Nampenda, ndiyo maana naweza kumkasirikia. Nilimuuliza pale mlangoni shangazi alipokuwa ameshatangulia kwenye gari, wewe mwenyewe unasemaje? Akasema, "Mama Sifa, kwangu mimi haina maana yoyote, mkono ni mkono." Sawa. Kama haina maana yoyote, ampe wa kulia. Mbona haraka yote ni kutafuta mfalme kwa upande wako, na hakuna anayemuuliza yeye aache kitu kwa upande wake? Sheria ile ya ukoo unaijua, alikueleza, ukanieleza. Akikupa wa kulia bila idhini yao, kiti kinakwenda kwa binamu yake, na msitu pamoja nacho. Basi kiende. Anaupenda sana ule msitu, alinionyesha picha zake, miti yote inafanana. Mtawala yule alimpenda binti wa mshona glavu vilevile, na upendo wake haukupanda ngazi hata moja kutoka jikoni.

Usinielewe vibaya. Sikukatazi kwenda. Nenda. Ungebaki ungenichukia, na mimi mwenyewe ningekuchoka. Sitakuwepo siku ile. Karatasi yangu ya ukimbizi imekwisha muda na bado naipangia foleni, hainifikishi hata mpakani, sembuse Ulaya. Nilikuwa nalilia hilo. Sasa nashukuru kidogo, kwa maana ningekuwapo ningesimama kanisani nikasema maneno.

Kwa hiyo nimeshona badala ya kusema.

Asubuhi ya leo niliitazama ile mikono miwili ya kushoto kwa muda mrefu. Lesi nyingine hakuna. Halafu nikakumbuka kitu ambacho kila fundi anakijua na hakipendi. Mkono wa kushoto ukiugeuza ndani uwe nje, unakuwa wa kulia. Unaingia kwenye bega barabara kabisa. Tatizo ni kwamba mgongo wa lesi ndio utakaoonekana, vifundo vyote, nyuzi zinazovuka kutoka ua moja hadi jingine, kazi yote ambayo mtu huificha kwa ndani. Kwa mbali hutaona tofauti. Mtu akikushika mkono ataiona.

Nimeufanya hivyo. Mkono wa kushoto nimeushona kwa mashine, mishono miwili, hautoki hata ukiuvuta kwa meno. Huo ni wako, umetoka kwa bibi yako, hakuna atakayekunyang'anya. Mkono wa kulia, ule uliogeuzwa, sijaushona. Nimeupiga bandi tu, mishono mirefu ya muda, kwa sindano, kwa uzi mwekundu ili usikupotee, na mwisho wa uzi nimeuacha mrefu pale kwapani. Nimeweka sindano na uzi mweupe kwenye mfuko mdogo ndani ya gauni. Kushona unajua.

Zimebaki wiki chache hadi siku yenyewe. Kabla haijafika, mwambie Konrad yote niliyokuandikia, habari ya jikoni na ya kibuyu, bila kupunguza. Usimwonyeshe mfalme. Mwonyeshe binti wa mfinyanzi, halafu muulize atatoa mkono gani. Usimsaidie kujibu. Akisema wa kulia, na akamwambia baba yake na shangazi yake kwa mdomo wake mwenyewe, basi kaa chini siku ile ile, toa uzi mwekundu, ushone ule mkono kwa mweupe, mishono midogo midogo kama nilivyokufundisha. Vifundo viwe nje. Wavione. Nami nitamwita mwanangu, na nikipata hasira naye itakuwa hasira ya mama, ambayo haina madhara.

Akikuzungusha, akisema subiri, akisema ni desturi tu, usigombane naye. Vaa gauni. Ingia kanisani na mkono wako ulioshikwa na uzi mwekundu. Akinyoosha wa kushoto mbele ya padri, vuta ule uzi mara moja tu, kwa nguvu, na mkono wa gauni utatoka mzima mzima. Mpe. Mpe kwa mkono wa kushoto, taratibu, ili kila mtu aone.

Halafu urudi nyumbani. Hakuna atakayekuuliza kitu, na Mama Zuhura nitamfunga mdomo mimi mwenyewe. Nyumba yetu ya Troyeville unaijua, chumba na sebule, na mlango ni mmoja tu. Ndio huo wa mbele.

Salamu zangu ndizo hizo.

Mama yako,
Nabintu, binti wa mfinyanzi